Mistari mitatu chati moja: mhimili mmoja, miwili, au ukate vipande?

Ilikuwa mwisho wa mwezi, niko Mbagala dukani kwa mzee mmoja ambaye namtengenezea ripoti za mauzo, nikafungua laptopu nimuoneshe chati niliyoikesha usiku mzima, mistari mitatu: mauzo ya kila mwezi, mitungi ya gesi iliyotoka, na bei ya petroli kwa sababu mzigo anajibebea mwenyewe na kirikuu chake. Akaiangalia kimya, kisha akaweka kidole pale mistari miwili ilipokatana akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, hapa katikati ya mwaka ndo gesi imeyapita mauzo?" Nikabaki natoa macho. Gesi ni mitungi, mauzo ni shilingi, vitu hivyo haviwezi kupitana hata siku moja, ila chati yangu ndo imemwambia hivyo na yeye hana kosa lolote, kasoma kilichochorwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa mbishi sana kwenye hii ishu ya mhimili wima, ile rula ya pembeni yenye namba. Nimejaribu njia zote zile ninazozijua, kwenye programu tofauti, kwa data ileile, na hapa naziweka ubavu kwa ubavu ili na wewe uchague kabla bosi wako hajaweka kidole.

Namba zenyewe nimezizungusha ili zisomeke. Mauzo yanaanzia milioni 40 Januari yanafika milioni 52 Desemba. Gesi inaanzia mitungi 60 inafika 110. Petroli, ile bei inayotangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, tuseme inacheza kati ya shilingi 2,850 na 3,150 kwa lita, Januari ikiwa 2,900 na Desemba 3,100.

Kuziacha zote kwenye mhimili mmoja

Hii ndo programu zote zinakupa bila kuombwa, na kwa data kama hii ni vichekesho. Ukiandika mauzo kwa shilingi nzima, yaani 40,000,000, basi mauzo yako juu huko peke yake na petroli na gesi zimelala chini kabisa kama zimepigwa pasi, huwezi hata kuzitofautisha. Sasa badilisha mauzo uandike kwa milioni, 40 badala ya 40,000,000, ghafla petroli ndo iko juu kwenye 3,000 na mauzo na gesi ndo zimelala chini. Biashara haijabadilika hata shilingi, umefuta masifuri sita tu, na picha imepinduka. Hapo ndo nilielewa kwamba anayelala na anayesimama kwenye chati anaamuliwa na kipimo ulichoandikia, wala siyo na kilichotokea dukani.

Lakini usiidharau. Kama mistari yako yote ni ya kipimo kimoja, mfano mauzo ya matawi matatu, Mbagala, Tandika na Gongo la Mboto, yote kwa shilingi, basi mhimili mmoja ndo jibu na usitafute lingine. Tawi dogo likilala chini, lilale, kwa sababu kweli ni dogo. Nshaona mtu anampa tawi dogo mhimili wake wa kulia ili "lionekane vizuri", matokeo yake linaonekana linalingana na tawi kubwa, mkutano mzima unajadili kitu ambacho hakipo.

Kuna mtego mmoja kwenye Excel hapa ambao wengi hawaujui. Ukiiachia Excel ipange skeli yenyewe, yaani mhimili uanzie namba gani uishie ngapi, inaangalia tofauti kati ya namba kubwa na namba ndogo, na kama tofauti hiyo ni ndogo kuliko asilimia 16.67 ya namba kubwa, inaacha kuanzia sifuri. Petroli yetu tofauti ni 300 kwenye 3,150, kama asilimia 9.5 hivi, kwa hiyo ukiichora peke yake mhimili unaanzia huko 2,700 na mstari unapanda na kushuka kama milima ya Uluguru, mtu akiona anadhani nchi imewaka moto. Mauzo na gesi tofauti zake ni kubwa kwa hiyo zinaanzia sifuri. Yaani chati mbili kwenye ukurasa mmoja, moja imeanzia sifuri nyingine haijaanzia, na wewe hujagusa kitu.

Kwa mistari siyo dhambi kuanzia juu ya sifuri, tofauti na chati ya nguzo ambayo urefu wa kila nguzo ndo namba yenyewe. Ila iwe wewe umeamua.

Mhimili wa kushoto na wa kulia

Hii ndo iliyoniponza. Kwenye Excel unabofya kulia juu ya mstari, unaingia "Format Data Series", unachagua "Secondary Axis", imeisha. Google Sheets unaingia kwenye kihariri cha chati, sehemu ya "Customize", kisha "Series", unachagua mstari wako na unauambia ukae "Right axis". LibreOffice Calc nayo unabofya mstari mara mbili, unaingia kwenye "Options", unaupeleka "Secondary Y axis". Zote tatu ni sekunde kumi, na hapo ndo shida ilipo, kitu hatari hakitakiwi kuwa rahisi hivyo.

Angalia nilichofanya baada ya aibu ya dukani. Excel ilikuwa imejipangia kushoto 0 mpaka 60, kulia 0 mpaka 120. Gesi ya Januari, mitungi 60, inakaa katikati ya chati, Desemba 110 inakaa karibu na dari, mauzo yenyewe yanatoka theluthi mbili ya urefu na kupanda taratibu, kwa hiyo lazima yakatane mahali. Nikaenda upande wa kulia nikabadili namba moja tu, 120 nikaweka 200. Gesi yote ikashuka, ikaanzia chini na Desemba ikaishia nusu na kidogo, haikuyagusa mauzo mwaka mzima. Data ileile! Ningetaka zikatane mwezi wa tatu ningeweza, mwezi wa kumi ningeweza, ningetaka zitembee zimeshikana mikono kama wachumba wa Coco Beach pia ningeweza. Kwa hiyo ile sehemu ya kukatana, ambayo ndo jicho la mtu linaikimbilia kwanza, haina maana yoyote.

Na bado nilikuwa na mistari mitatu. Excel inakupa mihimili wima miwili basi, wa tatu hamna. Unajua nilifanya nini? Bei ya petroli nikaigawa kwa 100 ili ikae kwenye 29 mpaka 31 pamoja na mauzo. Yaani mhimili wa kushoto ukawa unasomeka shilingi milioni kwa mstari mmoja na mamia ya shilingi kwa mstari mwingine. Usiku ule niliona nina akili sana.

Kwenye lugha ya Python ukiwa na matplotlib, maktaba yake ya kuchora chati, unaweza kuweka hata wa tatu, unaita twinx() mara mbili halafu huo wa pili unausogeza nje na ax3.spines['right'].set_position(('outward', 60)). Plotly, maktaba nyingine ya kuchora, nayo inakubali. Swali ni nani atasoma chati ya mihimili mitatu. Mi mwenyewe niliyeichora ilibidi nifuate rangi kwa kidole.

Halafu twinx ina kaugonjwa kake, kila mhimili unaanza kuhesabu rangi upya, kwa hiyo mstari wa kushoto unatoka wa bluu na wa kulia nao unatoka wa bluu, na kisanduku cha majina kinaonesha vya upande mmoja tu, usipokuwa makini unapeleka chati ya mistari miwili inayofanana kama mapacha. Ipe rangi mwenyewe, na namba za mhimili zipake rangi ya mstari wake, hilo fanya kwenye programu yoyote ile utakayotumia.

Watu wa R, lugha ya takwimu, wao wamebanwa, na nadhani kwa heri. Ndani ya ggplot2, kifurushi chake cha kuchora, huwezi kumpa mstari skeli yake ya kulia iliyo huru, kuna sec_axis() ambayo ni lazima iwe hesabu inayotoka kwenye mhimili wa kushoto, mfano kuzidisha au kugawanya. Hadley Wickham aliyeitengeneza ameshasema wazi kwamba hazipendi chati za skeli mbili zisizohusiana. Unaweza kuizunguka, unazidisha data yako halafu kwenye sec_axis unagawanya, ila angalau imekulazimisha uandike mwenyewe hiyo namba ya kuzidishia, huwezi kusema baadaye kwamba programu ndo imefanya.

Sa nitaitumia lini mihimili miwili? Mara mbili tu. Kwanza, pale upande wa kulia ni kitu kilekile kwa kipimo kingine, kama nyuzi za Selsiasi na Farenhaiti, au shilingi na dola kwa kiwango kimoja ulichokiweka, hapo hamna udanganyifu kwa sababu mstari ni mmoja. Pili, pale vitu viwili vimechorwa kwa maumbo tofauti. Chati ya hali ya hewa ya Dar ndo mfano wangu mzuri, mvua weka nguzo, masika inaonekana inavyosimama mwezi wa nne na mwezi wa saba kuko kukavu, joto la mchana weka mstari unaotembea karibu na nyuzi 29 mpaka 32 mwaka mzima. Hakuna anayeuliza joto limeipita mvua lini, jicho halitafuti makutano kati ya nguzo na mstari.

Na ukiamua kuweka, basi linganisha mistari ya nyuma, ile miembamba iliyolala inayotoka kwenye namba za mhimili. Kushoto 0 mpaka 60 kwa hatua za 10, kulia 0 mpaka 120 kwa hatua za 20, zote hatua sita, namba zinakaa ana kwa ana. Ukiacha kushoto hatua sita kulia tano chati inakuwa kama ngazi ya fundi mlevi.

Kuanzia mia moja wote

Hii ndo niliyompelekea mzee mara ya pili. Unachukua kila mstari unaugawa kwa namba yake ya Januari, unazidisha kwa 100. Wote wanaanzia 100, halafu unaona nani kakimbia. Desemba gesi iko 183, mauzo 130, petroli 107. Mhimili mmoja, kipimo kimoja, na ukikatana unakuwa na maana kweli: huyu amekua zaidi ya yule tangu Januari. Inafanyika kwenye programu yoyote kwa sababu kazi yote iko kwenye kolamu mpya, fomula moja unaiburuta chini, kwenye chati hugusi kitu.

Mzee alielewa palepale. "Ahaa, kumbe gesi ndo inakimbia." Ndio mzee, gesi ndo inakimbia.

Ubaya wake uko kwenye mwezi wa kuanzia. Januari ya Dar kila mtu anaijua, ada, daftari, sare, madeni ya Krismasi, hela hamna, ukiifanya Januari iwe 100 basi miezi yote iliyobaki inaonekana ya neema. Ukianzia mwezi wa sikukuu inakuwa kinyume chake, mwaka mzima unaonekana msiba. Siku hizi natumia wastani wa miezi 12 kuwa 100. Mauzo, ukichukua wastani 46, Januari inakuwa 87 na Desemba 113, gesi kwa wastani wa 85 inatoka 71 kwenda 129, hamna mwezi mmoja unaobeba lawama zote. Na kitu kingine, namba halisi zinapotea, mtu anaona 130 anadhani ni milioni 130, kwa hiyo mwisho wa kila mstari mi naandika na thamani yake halisi pembeni, "mauzo, milioni 52".

Skeli ya logi

Kwa logi, ambayo inapima mara ngapi badala ya kiasi gani, kutoka 40 kwenda 80 ni umbali uleule wa kutoka 1,000 kwenda 2,000, kwa hiyo mistari ya ukubwa tofauti inakaa pamoja bila kugombana, na mteremko ukilingana maana yake kasi ya ukuaji inalingana. Kwenye Excel ni kutiki "Logarithmic scale" ndani ya mpangilio wa mhimili, Sheets nayo inayo, matplotlib ni set_yscale('log'), programu ya gnuplot ni set logscale y.

Nzuri sana, ila siyo kwa duka letu. Mhimili ulinitoka 10 mpaka 10,000, na hapo gesi iliyokua karibu mara mbili ilipanda kama sehemu moja ya kumi ya urefu wa chati, petroli ikawa mstari ulionyooka kabisa. Ni ukweli, lakini ni ukweli usioonesha kitu. Logi inataka vitu vinavyokua mara kumi, mara mia, kama wafuasi wa akaunti au watumiaji wa app mpya. Halafu sifuri haina sehemu ya kukaa huko, mwezi ambao gesi iliisha stoo hujauza hata mtungi mmoja, chati haiwezi kuuonesha. Na kumueleza mzee kwa nini kutoka 10 kwenda 100 ni sawa na kutoka 100 kwenda 1,000 huku wateja wanasubiri unga, hapana.

Kukata vipande

Mi kwa sasa ndo niko hapa. Chati tatu ndogo, zimepangwa juu kwenda chini, miezi imelingana, kila moja ina skeli yake. Hakuna makutano ya uongo kwa sababu mistari haikutani. Na ripoti zetu siku hizi zinasomewa kwenye simu, unapiga skrinshoti unarusha WhatsApp, simu imesimama wima na chati tatu zimesimama wima, inakaa vizuri kuliko ile pana ambayo mtu lazima alaze simu.

Hapa ndo programu zinatofautiana kweli. Matplotlib ni plt.subplots(3, 1, sharex=True), kila kipande kinajipangia, na kama ni matawi yenye kipimo kimoja unaongeza sharey=True wote wapimwe kwa rula moja. Kwa ggplot2 ni facet_wrap na scales = "free_y", kazi ya mstari mmoja, hapa R inawapiga wote bao. Excel unateseka: unatengeneza chati tatu kwa mkono, unazishikisha kwenye mistari ya seli huku umeshikilia Alt, halafu unakuta miezi haijalingana kwa sababu namba za petroli zina tarakimu nne zimesukuma mchoro kulia, inabidi uvute eneo la mchoro kwenye kila moja mpaka likae. Nina template, naikopi kila mwezi, siwezi kuanza upya. Sheets ndo sikushauri kabisa.

Onyo moja tu, skeli huru inaficha ukubwa. Petroli iliyopanda asilimia 7 na gesi iliyopanda asilimia 83 zote zinaweza kujaza kipande chake kutoka chini mpaka juu. Ndo maana kwenye kila kipande naandika asilimia kwa herufi kubwa kidogo.

Kuifunga skeli kwa mkono

Njia yoyote utakayochagua, kuna siku utataka kuweka mwanzo na mwisho mwenyewe. Excel unaandika namba kwenye "Minimum" na "Maximum", na tangu hapo imefungwa, mwezi ujao mauzo yakifika milioni 63 na dari yako ni 60 mstari unatoka nje ya chati na hamna anayekuambia. Na dari hiyo huwezi kuiunganisha na seli bila kuandika makro, yaani kiprogramu ndani ya Excel. Ninachofanya, naongeza mstari wa nne wenye namba ya dari ninayoitaka, naufanya hauna rangi, naacha skeli iwe ya kujipanga yenyewe: dari haishuki chini ya hapo, ila data ikizidi inapanda nayo. Ukiwa na Grafana, programu ya dashibodi, kitu hichi umepewa bure, kinaitwa soft max.

Matplotlib ukiita set_ylim kabla hujachora, unakuwa umezima kujipanga kwa skeli, mistari inayofuata ikiwa mikubwa inakatwa, kwa hiyo iite mwisho, ukishajua mstari mkubwa unafika wapi. Kwa ggplot2 ndo uwe macho zaidi, ylim() haikuzi picha, inazitupa kabisa data zilizo nje ya mipaka kabla hata haijachora, mstari unakatika na ukiwa umeweka mstari wa mwelekeo unahesabiwa bila hizo data, onyo linatoka dogo tu kwamba safu kadhaa zimeondolewa. Ukitaka kusogea karibu tu tumia coord_cartesian(ylim = ...). Hili liliniharibia chati ya miezi sita kabla sijalishtukia.

Kwa hiyo kama data yako ni ya kipimo kimoja, mhimili mmoja na ulale. Kama bosi anauliza nani amekua zaidi, mia moja. Kama anauliza kila kitu kinaendaje, vipande, na kama uko Excel tenga nusu saa. Ukiniambia umeambiwa lazima iwe kushoto na kulia kwa sababu template ya ofisi ndo ilivyo, basi moja ifanye nguzo.

Mzee wangu sasa hivi anapata ukurasa mmoja, juu ile ya mia moja, chini vipande vitatu. Juzi kaniuliza kama naweza kuongeza na bei ya mkaa.